Mafuta Niliyotupa

Kabla hamjashika kisu, jueni kwamba utumbo haukai peke yake. Una mafuta yake. Yanaushikilia kutoka nyuma tangu mwanzo hadi mwisho, na ndani yake mna mishipa ya damu na vijitezi vidogo ambavyo macho hayavioni mpaka vidole vivitafute. Nyinyi mnaosomea kazi ya maabara ya patholojia mmezoea picha za kwenye simu, ambako kila kitu kimetiwa rangi na kuandikwa jina pembeni. Kwenye ndoo hakuna majina. Kuna fomalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, inayowasha macho, na kitu cha kijivu kinachoelea, na karatasi yenye mwandiko wa daktari aliyekuwa na haraka.

Nilifanya kazi hiyo miaka thelathini na mmoja katika maabara moja nyuma ya hospitali moja mjini Nyeri, ambayo sitaitaja kwa sababu kosa nitakalosimulia halikuwa lake. Lilikuwa langu. Kazi yenyewe mnaijua: unapokea kile ambacho daktari wa upasuaji amekitoa mwilini, unakikata vipande, unavizamisha kwenye nta, unavikata tena vyembamba kuliko ganda la kitunguu, unavitia rangi na kuvibandika kwenye kioo ili daktari wa patholojia avitazame kwa hadubini. Mgonjwa hakujui. Akipona humshukuru daktari, humshukuru nesi, humshukuru Mungu, kisha huenda nyumbani. Mimi hilo halikuniudhi hata kidogo. Nilipenda kazi isiyo na watu.

Aliyenifundisha ni Mzee Gachanja, mtu wa maneno machache na sweta moja. Kama hujafanya kazi Nyeri mwezi wa Julai huwezi kujua nta inavyoweza kumtesa binadamu. Ukungu unashuka kutoka mlimani, chumba kinakuwa baridi, na nta inakatika vipande vipande badala ya kutoka kama utepe. Mzee Gachanja alikuwa akiinama, anaipumulia mara moja, polepole, kisha anakata. Utepe unatoka mzima. Mimi nilipojaribu nilipumulia kwa nguvu mno, kipande cha ngozi ya mtu kikapaa, kikaanguka kwenye chai yake. Alikitoa kwa brashi, akakitandaza kwenye maji ya uvuguvugu, akakipandisha kwenye kioo, na jibu likapatikana. Kisha akamwaga chai. Akaniachia kipande kinachofuata, na mimi nikajua kwamba siku hiyo nimesamehewa.

Tulipokea vitu katika vyombo vya kila aina. Kuna jamaa wa bodaboda aliyeleta nyongo ya mama yake kutoka kliniki moja ya Mukurweini ndani ya kopo la maziwa lala, akalipitisha dirishani akisema, "Shika vizuri, iko na mama ndani." Kuna mfuko wa uzazi uliofika kutoka upande wa Kenol ukiwa umewekwa kwenye maji ya bomba siku tatu, kwa sababu mtu fulani aliishiwa na fomalini akaona maji ni maji tu. Mzee Gachanja alifungua madirisha yote, akasimama mlangoni, akasema, "Hii haikuletwa kupimwa. Imeletwa kuzikwa." Tulicheka mpaka nikatoka nje. Nawaambia haya ili mjue kwamba tulikuwa watu wa kawaida, tunacheka, tunajua kazi, na tulijiona mafundi. Hapo ndipo penye ubaya.

Kwa maana mimi nilikuwa fundi wa utumbo kabla sijaijua maabara. Baba yangu alikuwa na bucha Mukurweini, na kwa watu wetu mbuzi akichinjwa, mwanamume hujulikana kwa mutura wake. Mutura ni utumbo uliojazwa nyama na damu na viungo, ukachemshwa, ukachomwa. Watu huuliza nani ameujaza, lakini baba alinifundisha kwamba ladha huanzia kwa anayesafisha. Unashika utumbo kwa mkono wa kushoto, kisu kinateleza kando yake, na mafuta yanatoka yote kwa mvuto mmoja bila utumbo kutoboka. Nilipokuwa na miaka kumi na tano, wazee walikuwa wakiniita kwenye sherehe kwa kazi hiyo tu.

Sasa fikirini kijana huyo amepewa koti jeupe, na siku moja ndoo inafika kutoka thieta, ndani yake mna kipande cha utumbo wa binadamu na mafuta yake yananing'inia. Mikono yangu haikuuliza swali. Nilisafisha. Nilisafisha vizuri sana, utumbo ukabaki mtupu unang'aa, mafuta yakaenda kwenye pipa la kuchomwa. Daktari wa patholojia wa siku zile alikuwa mzee aliyekuja mara mbili kwa wiki, hana nafasi ya kukata mwenyewe, na aliponikuta na kipande kile alisema, "Huyu anafanya kazi safi." Mzee Gachanja naye hakunikataza. Yeye alijifunza kazi wakati ambapo swali lilikuwa moja: ni saratani au si saratani? Kwa swali hilo uvimbe wenyewe unatosha.

Lakini maswali yalibadilika na sisi hatukubadilika. Madaktari walianza kutaka kujua hatua ya ugonjwa. Uvimbe umeingia kina gani katika ukuta wa utumbo? Umefika kwenye tezi ngapi? Umeruka ukaenda kwenye ini? Majibu hayo matatu ndiyo yanayosema mgonjwa atafuatiliwa vipi, na kwa kiasi fulani ataishi muda gani. La kwanza liko kwenye utumbo. La tatu liko kwenye picha za skani. La pili liko kwenye mafuta, na mafuta yangu yalikuwa majivu.

Mama Wairimu alikuwa mkulima wa waru kule Endarasha. Waru ni viazi, kwa nyinyi mliokulia mbali. Alikuwa mama wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya shamba. Kwa miaka kadhaa tumbo lilimkata kila alipokula. Aliambiwa ni amiba, akameza dawa. Akaambiwa ni taifodi, akameza dawa. Akaambiwa ni vidonda vya tumbo, akaacha maharagwe. Kisha siku moja utumbo ukaziba kabisa, akaletwa Nyeri akitapika, akapasuliwa. Daktari alikata kipande cha utumbo mwembamba karibu na mwisho wake, akakitia kwenye ndoo pamoja na mafuta yake, kama ipasavyo. Yeye alifanya kazi yake.

Uvimbe ulikuwa mdogo, sentimita moja na nusu, wa rangi ya manjano nilipoukata. Ulikuwa kasinoidi. Ni aina ya uvimbe unaoota polepole kutoka kwenye seli zinazotengeneza homoni, na unaweza kukaa miaka mtu akiwa analima na kuimba kwaya. Ulikuwa umeingia kwenye misuli ya utumbo lakini haukuipita. Kwenye ripoti, mahali pa tezi, niliandika rasimu kama nilivyozoea: hakuna tezi yenye ugonjwa. Ilikuwa kweli. Hakukuwa na tezi yenye ugonjwa kwa sababu hakukuwa na tezi. Ilipasa kuandikwa kwamba tezi hazikupimwa, ili anayesoma ajue hatujui. Daktari wa patholojia aliyekuwa anakuja mara mbili kwa wiki alitia sahihi, hatua ikaandikwa ya pili, na kasinoidi ya hatua ya pili, ikitolewa yote, mtu anaweza kuzeeka nayo asiikumbuke tena.

Mama Wairimu alikuja mwenyewe kuchukua karatasi dirishani. Wagonjwa huwa hawafanyi hivyo, lakini alimaliza kliniki mapema akaonyeshwa njia. Alinitazama kupitia kioo.

"Dakitari," akasema, maana kwao kila mwenye koti jeupe ni daktari, "mimi hii kizungu sijui. Inasema nini?"

Ningemwambia aipeleke kwa daktari wake. Badala yake niliona uso wake, nikajisikia mtu mkubwa.

"Inasema iko safi, mama. Imetolewa yote. Enda upande waru."

Alifunga macho, akashika ukingo wa dirisha. Alinishukuru kana kwamba mimi ndiye niliyempasua. Hakurudi kliniki tena, na kwa nini angerudi? Mtu wa maabara amemwambia iko safi. Nilienda nyumbani siku hiyo nikiwa na furaha.

Miaka miwili baadaye alikuja Daktari Kendi. Alikuwa binti wa Chuka, mdogo kwangu kwa miaka ishirini, amesomea patholojia, na alikuwa wa kwanza kukaa nasi siku zote badala ya kupita. Wiki yake ya kwanza alisimama nyuma yangu nikisafisha utumbo mpana wa mzee mmoja wa Karatina. Nilifanya madoido kidogo, nakiri, kwa sababu kulikuwa na mtu anatazama. Mafuta yakatoka kwa mvuto mmoja.

"Mafuta unapeleka wapi?" akauliza.

"Kwa pipa, daktari."

Akachungulia ndani ya pipa. Kisha akasema, taratibu kabisa, "Mzee, kwani unatengeneza mutura?"

Wenzangu walicheka, na mimi nikacheka. Yeye hakucheka. Alivaa glavu, akaingiza mikono kwenye pipa mpaka kiwiko, akayatoa mafuta yale na kuyaweka juu ya ubao. Aliniambia nifumbe macho. "Nyumbani mnachambua njahi ama mnakula na mawe? Basi chambua. Usitumie macho. Bonyeza polepole. Mafuta inayeyuka kwa vidole, tezi haiyeyuki." Nikabonyeza. Kweli, mafuta yaliteleza na kitu kidogo kigumu kikabaki kati ya kidole gumba na cha shahada, mfano wa jiwe ndani ya njahi, yale maharagwe meusi. Nikatoa kimoja, kisha kingine. Tulipata tisa. Alipozitazama kwa hadubini kesho yake, nne zilikuwa na saratani. Mzee wa Karatina akapanda hatua, akaanzishiwa dawa ambazo hangepewa. Yeye yuko hai hadi leo, anauza makaa.

Huo ndio ujuzi wenyewe, vijana, na hauhitaji mashine. Yagawe mafuta vipande kabla hujaanza, uanze na yale yaliyo karibu na mshipa mkubwa wa damu, na usiridhike na tezi mbili tatu. Kwa kasinoidi ya utumbo mwembamba tafuta nane na zaidi, kwa sababu uvimbe huo una tabia ya ujanja: wenyewe ni mdogo kama punje ya hindi, na tayari umeshatuma watoto kwenye tezi. Ukikuta donge gumu linalokunja mafuta kuelekea katikati, usilikate haraka. Lipime. Liandike. Na pale ambapo hukupata kitu, andika kwamba hukupata, usiandike kwamba hakuna.

Jioni ile nilifungua rejista. Nilijua jina ninalolitafuta kabla sijalifikia. Wengine wengi waliopita mikononi mwangu walikuwa na saratani kali, na walikuwa wamekwishafariki kwa sababu ambazo tezi hazingezibadilisha. Najiambia hivyo, angalau. Lakini Mama Wairimu alikuwa na ule wa polepole. Ule unaokupa muda. Kama tezi zilikuwa na ugonjwa, bado angeweza kufuatiliwa, apigwe skani, afunguliwe tena na mafuta yaliyobaki yatolewe kabla ugonjwa haujapanda kwenye ini. Watu wa namna hiyo huishi miaka mingi, mingi kweli.

Daktari Kendi aliniuliza kama kuna wagonjwa wa kuitwa. Nikamwambia kuna mmoja.

"Tumwandikie barua leo," akasema.

"Niachie mimi. Ni mtu namjua. Nitaenda mwenyewe."

"Sure? Hii si ya kuweka, mzee."

"Niko sure."

Nilichukua Jumamosi moja nikapanda kwenda Endarasha, na njiani nilipanga maneno. Nilikuwa nimeyapanga vizuri. Nitasema kulikuwa na kosa la maabara, linaweza kurekebishwa, njoo Jumatatu tukupige picha. Maneno kumi hivi. Nilipofika nikakuta magari yameegeshwa kando ya ua wa michongoma, turubai limetandazwa, wanawake wamevaa sare za leso. Ilikuwa ruracio, sherehe ya mahari, ya Wairimu, binti yake mkubwa. Wageni wa upande wa bwana harusi walikuwa wamefika na mbuzi wao, na moto ulikuwa unawaka nyuma ya ghala la waru.

Mama Wairimu aliniona langoni akaja akikimbia. Alinishika mkono, akanipeleka katikati ya watu, akasema kwa ile sauti yake, "Huyu ndio yule dakitari alinisomea karatasi. Aliniambia enda upande waru, na mimi nikapanda. Ati mnashangaa hizi waru zote zimetoka wapi?" Watu wakapiga makofi. Mimi nikainua mkono, nikatabasamu.

Wazee waliniita kwenye moto. Mmoja wao alijua bucha ya baba yangu, na sifa za zamani zikafufuka. Wakanipa kisu na utumbo. Nilisimama pale, suti yangu imekunjwa mikono, nikasafisha. Mafuta yalitoka yote kwa mvuto mmoja, yakaanguka kwenye karai, na wakanisifu. Nilikuwa nayatazama yale mafuta kwenye karai. Walipochoma mutura nilikatiwa kipande cha kwanza kwa heshima, nikakila.

Kabla sijaondoka, Mama Wairimu alinivuta kando, karibu na tangi la maji.

"Nikuulize kitu. Tumbo haisumbui sana. Lakini siku hizi nikikula, ama nikinywa kidogo kitu ya sherehe, nasikia joto inapanda kwa uso, inachoma, halafu inaisha. Na choo naenda sana. Si hii ni ile joto ya wamama, ya umri?"

Nyinyi mmesoma, kwa hiyo mnajua alichokuwa ananiambia. Homoni za kasinoidi zikitoka kwenye utumbo hupitia kwenye ini, na ini huziharibu. Mgonjwa akianza kusikia joto usoni, mara nyingi ni kwamba ugonjwa umekwishafika kwenye ini lenyewe, na homoni zinamwagika moja kwa moja kuelekea moyoni. Nilijua hayo. Daktari Kendi alikuwa amenifundisha mwezi uleule. Nyuma yake nilimwona Wairimu amekaa kati ya shangazi zake, anacheka ameficha uso. Nilijiambia, leo si siku. Nilijiambia nitarudi Jumamosi ijayo.

"Ni umri, mama," nikasema.

Walinipa gunia la waru. Nililipakia, nikaenda nalo nyumbani, tukalila mimi na mke wangu mwezi mzima.

Jumatatu Daktari Kendi aliuliza. Nikamwambia, "Nimempata. Atakuja." Baada ya mwezi akauliza tena, nikamwambia yuko na shughuli za harusi. Kisha kazi zikawa nyingi, fomalini ikakosekana, mashine ya nta ikaharibika, naye akaacha kuuliza. Aliniamini. Kila Ijumaa nilijiambia kesho, na kila Jumamosi kulikuwa na ng'ombe, na mvua, na kanisa. Mtu akitaka kukwepa, Mukurweini hakukosi shughuli. Najua mnasubiri niwaambie nilikuwa naogopa nini. Niliogopa uso wake tu. Nilikuwa nimependwa na mtu kwa kitu nilichosema, na sikutaka kukirudisha.

Miaka miwili ikapita. Asubuhi moja nikapokea chupa ndogo, ndani yake nyuzi mbili nyembamba za nyama: kipande cha ini kilichotolewa kwa sindano. Jina lilikuwa lake. Nilikishughulikia mwenyewe, sikumpa mtu mwingine. Nilipumulia nta kama nilivyofundishwa, nikakata vizuri, nikatia rangi, nikatia na ile rangi ya kupima kasi ya seli kugawanyika. Kasi ilikuwa ndogo, daraja la kwanza, la upole kabisa. Daktari Kendi alitazama muda mrefu. Alisema kasinoidi, imetoka kwenye utumbo, hatua ya nne. Kisha akasoma jina, akainua macho kutoka kwenye hadubini, akanitazama mimi.

"Mzee, ulisema atakuja."

Hakunipigia kelele. Alichukua koti lake akasema, "Ward iko pale juu. Ukitoka huko, nitaandika ripoti yangu na jina yako itakuwa ndani." Aliandika kweli, nikaitwa mbele ya kamati, nikapewa barua ya onyo, imebaki miezi sita nistaafu. Hiyo barua sina neno nayo. Ilikuwa ndogo kuliko kosa.

Nilimkuta amekaa kitandani, miguu imevimba mpaka magoti. Ini lilikuwa limejaa madonge, lakini si hilo lililomlaza. Homoni zile kwa miaka zilikuwa zimekausha vali za upande wa kulia wa moyo wake, zikawa ngumu, hazifungi. Kwa kasinoidi ndivyo hali inavyoharibika: mtu anaweza kuishi na ini lenye madonge miaka, anadungwa sindano yake ya kila mwezi ya kuzuia homoni, anachunga ng'ombe. Moyo ukishaguswa hesabu inakuwa nyingine. Wangemwanzishia sindano hiyo miaka miwili mapema, pengine vali zisingefika pale. Nasema pengine kwa sababu ya uaminifu, si kwa kujitetea.

Aliniona akafurahi. "Dakitari, umekuja kunisomea tena?"

Nilivuta kiti. Nikamwambia yote, kuanzia kwenye mafuta. Nilimweleza jinsi nilivyoyatupa, na kwamba tezi zilikuwa ndani yake, na kwamba ile karatasi haikujua ilichokuwa inasema. Nilipofika mwisho wa habari ya kisu alitikisa kichwa, akanigusa mkono.

"Hiyo ni kazi," akasema. "Mimi nimekata waru ngapi na jembe nikichimba? Mtu hawezi jua kitu hajafunzwa. Hiyo nimekuachilia, mbele ya Mungu."

Ningeishia hapo angekufa akiwa rafiki yangu. Mdomo ulikuwa umefunguka, ukaendelea.

"Kuna ingine, mama. Nilikuja kujua. Nilijua kabla."

"Kabla ya gani?"

"Kabla ya ruracio ya Wairimu. Nilikuwa nimekuja kukuambia."

Aliondoa mkono wake. Nikaona anahesabu, midomo inacheza kidogo. Mgonjwa wa kitanda cha pili aligeukia ukutani.

"Siku ile nilikuuliza hii joto ni ya nini."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na ukakula kwangu."

Alivuta blanketi juu ya miguu yake iliyovimba, polepole, kwa shida, na sikuthubutu kumsaidia.

"Ya kisu nimekuachilia," akasema. "Hii nyingine siwezi. Sitadanganya Mungu ati nimeweza. Enda, tafadhali. Na usikuje kwa mazishi yangu."

Aliishi karibu miaka miwili zaidi. Nasikia alidungwa sindano, joto likapungua, akaonja kuwa mzima kwa miezi kadhaa, akamwona mjukuu. Kisha moyo ukashindwa. Nilisikia tangazo redioni nikikamua ng'ombe: mama ya fulani, nyanya ya fulani, mazishi nyumbani kwake Endarasha siku ya Alhamisi. Alhamisi hiyo nilikaa nyumbani. Nilioga, nikavaa suti, nikakaa kwenye kiti sebuleni mpaka saa kumi, kisha nikaivua.

Mmoja wenu aliniandikia kuuliza mgonjwa wa kasinoidi ya utumbo mwembamba huishi muda gani. Vitabu vitawapa majibu kwa hatua, na majibu hayo ni mazuri kuliko ya saratani nyingi. Mimi ninalo moja tu. Mama Wairimu aliishi miaka sita baada ya upasuaji. Ningemwambia maneno yale kumi pale kwenye tangi la maji, sijui angeishi mingapi. Hakuna anayejua, wala hakuna tena njia ya kupima.